Usiharakishe Kuandika "Ndiyo"

Mwanangu, ukienda na dodoso lako ukamuuliza dereva wa bodaboda kama huvaa kofia ngumu, atakwambia huvaa. Atakwambia hivyo hata kama kofia yenyewe inaning'inia kwenye usukani. Usimwite mwongo. Anakupa jibu la siku ile alipopita barabara kuu akiogopa trafiki.

Nami nilikuwa na haraka kama wewe. Nilimuuliza binti wa watu habari za kondomu, mama mkwe wake ameketi kando anachambua mchele. Akanijibu tuliyotaka kuyasikia, mimi na mama mkwe. Nikaandika.

Kuna utafiti ulioitwa VOICE, ulianza 2009 huko Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Wanawake zaidi ya 5,000 waliingia, wakapewa vidonge au jeli, ili ijulikane kama dawa ingewakinga na VVU. Kwa maneno yao, walitumia karibu asilimia 90 ya dozi. Hata dawa zilizorudishwa kliniki zilipohesabiwa, hesabu haikuwaumbua. Damu ilipopimwa, dawa ilionekana katika sampuli zisizofika theluthi.

Wako waliokasirika. Mimi naona huruma zaidi. Baadaye watafiti waliwarudia baadhi yao, wakawaonyesha majibu ya damu, wakakaa kuwasikiliza. Ndipo yalipotoka: hofu ya madhara ya dawa, hofu ya kukutwa na vidonge hivyo, ambavyo ni ARV, na kudhaniwa una VVU. Na mtu anayekupokea vizuri kliniki kila mwezi, utamkabili vipi umwambie vidonge vyake huvimezi?

Marekani waliwahi kuwauliza wanafunzi wa sekondari maswali yaleyale mara mbili, kwa kupisha wiki mbili hivi: mkanda wa gari, sigara, pombe. Majibu mengi yalifanana. Ni vizuri, lakini isikulevye. Anayeficha leo atakumbuka kuficha na siku nyingine.

Basi tafuta kwanza mahali pasipo masikio. Usimuulize kijana kama "huwa" anavaa kofia. Muulize safari yake ya mwisho ilikuwa ya wapi, alimbeba nani, na kofia ilikuwa wapi. Akinyamaza, nyamaza naye. Weka kalamu chini. Na jioni ukirudi na madodoso machache, msimamizi akifoka, mwambie ni mimi niliyekuchelewesha.