Aliyeachiwa kwa Masharti Naye Asikilizwe



Swali la leo limeletwa na vijana wenzetu baada ya misa pale Minara Miwili, Mji Mkongwe: mfungwa akiachiwa kabla ya muda wake, halafu ikasemwa kavunja masharti, kuna haja gani ya kumsikiliza? Si alihurumiwa tu? Mwenye kutoa si anaweza kuchukua chake?

Hapa Unguja magereza tunayaita Vyuo vya Mafunzo. Jina lenyewe linakiri kwamba mtu anaingia ili siku moja atoke amebadilika. Upande wa Bara ipo Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994: mfungwa mwenye sifa, akishatumikia theluthi moja ya kifungo, anaweza kumalizia kilichobaki uraiani, chini ya uangalizi. Akivunja masharti, anaweza kurudishwa ndani.

Marekani, katika jimbo la Iowa, Morrissey aliachiwa kwa parole mwaka 1968. Akadaiwa, pamoja na mengine, kununua gari kwa jina la uongo. Ripoti ikaandikwa, na mwanzoni mwa 1969 akarudishwa gerezani bila kikao chochote. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1972 Mahakama ya Juu ikasema hapana: aelezwe tuhuma kwa maandishi, aonyeshwe ushahidi, ajieleze, alete mashahidi, na waamue watu wasio na upande. Uingereza nako, mwaka 2005, majaji wa juu waliamua kwamba Bodi ya Parole ilikosea kuwanyima wawili waliorudishwa nafasi ya kusikilizwa ana kwa ana.

Kwa nini hoja ya "ni huruma tu" haitoshi? Nikikuazima shati, naweza kulidai kesho. Shati halina maisha. Lakini aliyeachiwa kashapata kibarua, anakula na wanawe, jirani kaanza kumwamini. Hayo ni maisha ya mtu, hayachukuliwi kwa karatasi moja asiyoiona. Huruma ilimfungulia mlango; tangu hapo tunadaiwa haki naye.

Someni Mwanzo sura ya 3. Mungu alijua kila kitu, lakini alimuuliza Adamu, akamuuliza na Hawa, wakajieleza. Halafu aliwatoa bustanini. Kusikiliza hakukufuta adhabu! Kwa hiyo anayehofia usalama wa majirani, au uchungu wa aliyeumizwa, asiogope kikao. Mwenye hatia atarudi ndani, na aliyesingiziwa atapona. Naye Nikodemo aliwauliza wenzake kama sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikia (Yn 7:51). Wakamkejeli.

Sasa tujiangalie. Simu ikipotea mtaani, jina la kwanza kutajwa ni la nani? La yule aliyetoka Kiinua Miguu. Hakuna bodi, hakuna hakimu, lakini kwa maneno yetu tumeshamrudisha ndani. Halafu tunashangaa anapokosa kazi, anapoacha kuja kanisani.

Zoezi la wiki hii: ukisikia jina la mtu wa namna hiyo linatajwa, usilipeleke mbele. Kama unaweza, mwendee umuulize yeye mwenyewe, kwa heshima.

Ee Yesu, uliyehukumiwa bila haki, utupe masikio kabla ya ulimi. Amina.