Kucheka si Kusahau



Mwezi wa 6 mwaka 2004 vita ya Bukavu ilituvusha mto Rusizi mpaka hapa Cyangugu. Tukazoea kusema, "Tukirudi nyumbani ndipo tutaishi." Lakini siku ya kungoja nayo inahesabiwa katika umri wetu. Yeremia (sura ya 29) aliwaandikia mateka wa Babeli wajenge na kupanda, ingawa marejeo yalikuwa mbali, miaka 70.

Je, tucheke na ndugu zetu wamelala makaburini? Ndiyo. Anayechekesha watoto kwenye foleni ya maji hajasahau wafu; amewapunguzia walio hai mzigo.

Basi kila asubuhi tuamue jambo moja: kupanda lengalenga, kujifunza kusoma, kumwomba jirani msamaha. Hilo la mwisho linadai ujasiri. Tusingoje kwanza tuvuke mto.