Maneno ya Watakatifu Kando ya Mto Mkondoa

Ni nyumba chache za Wakristu katika nchi yetu zisizokuwa na neno la mtakatifu fulani ukutani. Huwa limepigwa chapa chini ya picha ya kalenda ya parokia, au limeandikwa kwa mkono wa mtoto aliyetoka katika mafundisho ya Kipaimara; na siku hizi hupita katika simu, kutoka kwa shangazi hadi kwa mpwa, hata kabla jua halijachomoza. Desturi hii ni njema, wala hatuna nia ya kuilaumu. Lakini twataka kuuliza jambo moja: je, maneno hayo humfariji mtu aliyepatwa na msiba, au humfariji yule anayeyapeleka tu?

Tuwatazame watu wa Kilosa. Mji ule umekaa kando ya Mto Mkondoa, ambao wakati wa mvua hushuka kutoka milimani kwa nguvu, ukibeba mchanga na magogo. Siku za Noeli ya mwaka 2009 mvua ilinyesha kupita kiasi, mto ukavunja kingo zake, na katika Januari 2010 maji yalikuwa bado yanawasumbua watu. Maelfu walikosa makao. Nyumba za udongo zilibomoka, chakula kilichowekwa akiba kikaharibika, na jamaa nzima nzima wakahamia katika mahema. Reli ya Kati ilikatwa kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama, hata mtu wa Tabora na Kigoma akaionja taabu ya Kilosa. Wala haikuwa mara ya mwisho. Mnamo Januari 2014, katika wilaya hiyohiyo, maji yaliikata barabara ya Morogoro kwenda Dodoma penye daraja la Magole. Mkulima wa huko anayechimba msingi wa nyumba leo anajua vema ni maji gani yaliyopita pale anapochimba.

Basi mtu kama huyo ameketi mbele ya hema, mali yake yote ni sufuria moja na blanketi lenye tope. Anajiwa na Mkristu mwenzake aliyevaa viatu vikavu, naye anamwambia kwamba mtakatifu fulani alifundisha kuyapokea yote kwa furaha. Halafu Mkristu huyo anarudi kwake kula chakula cha jioni. Neno ni la kweli, lakini mwenye kulisikia analipokea kama jiwe. Biblia yasimulia kwamba rafiki watatu wa Ayubu walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Hizo ndizo siku walizokuwa rafiki wa kweli. Mambo yaliharibika walipoanza kufundisha.

Je, tunyamaze, na kalenda tuziondoe ukutani? La, hasha. Inafaa kwanza tujue neno limetoka kinywani mwa nani, na siku hiyo alikuwa na nini mikononi.

Mtakatifu Sipriano alikuwa Mwafrika, askofu wa Karthago, karibu na mji wa Tunis wa leo. Katika miaka ya 250 na kitu Wakristu wake walikuwa wametoka tu katika dhuluma ya Kaisari Decius, mara tauni ikaingia mjini. Watu waliwakimbia ndugu zao wenyewe. Wengine waliwatoa wagonjwa nje wafie njiani. Sipriano aliwakusanya waamini akawafundisha kwamba kuwatunza watu wetu peke yao si ajabu, kwani hata mpagani hufanya hivyo. Mwana wa Mungu hana budi kumtunza na adui yake. Shemasi wake Pontio, aliyeandika maisha yake, asimulia jambo lililofuata, nalo ndilo twapenda lishikwe sana: palepale kazi ziligawanywa, kila mtu kwa kadiri ya hali yake. Mwenye fedha alitoa fedha. Asiyekuwa nazo alitoa mikono yake na miguu yake, na Pontio aona kwamba huyo alitoa kitu kipitacho fedha. Waliohudumiwa hawakuulizwa dini yao, na wengi wao yamkini ndio waliokuwa wakiwazomea Wakristu mwaka uliopita. Sipriano mwenyewe alikatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258. Kwa hiyo tukiyasoma mafundisho yake juu ya kutokuogopa kifo, twajua kwamba si maneno ya mtu aliyekuwa mbali na kifo.

Hata Mtakatifu Augustino, ambaye maneno yake hupendwa kuliko ya wengine wote, hakusema akiwa mahali pa raha. Baada ya Roma kutekwa mwaka 410, wakimbizi walivuka bahari wakafika Afrika, na watu wakanung'unika kwamba nyakati zimekuwa mbaya. Yeye aliwajibu kwamba nyakati ni sisi wenyewe tunaoziishi. Tukiishi vema, nazo zitakuwa njema. Mwaka 430 alikuwa mgonjwa kitandani mjini Hippo, nao Wavandali wameuzingira mji. Aliagiza zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani mbele yake, akawa akizisoma na kulia. Mwalimu huyu ambaye sisi twayatundika maneno yake, kwake alitundika zaburi za kuungama dhambi.

Tena kuna maneno ambayo hatujayaona katika kalenda yoyote. Wakati wa njaa kuu ya Kaisaria ya Kapadokia, karibu na mwaka 369, Mtakatifu Basili Mkuu aliwaambia matajiri waliofunga maghala yao kwamba mkate wanaouficha ni mali ya mwenye njaa. Maghala yakafunguliwa, naye akawapikia wenye njaa na kuwahudumia yeye mwenyewe. Wanunuzi wanaojua kungoja wapo kwetu pia: mahindi hununuliwa kwa bei ya chini kwa mkulima mwenye shida wakati wa mavuno, yakarudi kuuzwa kwake yeye yule kwa bei ya juu mvua zikianza. Mnunuzi huyo akiwa Mkristu, na tumpelekee neno la Basili kwa simu, asubuhi na mapema.

Tuseme pia, kwa kupita, kwamba si kila neno lenye jina la mtakatifu ni lake. Ile sala ya amani ambayo wengi huiita sala ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi ilionekana mara ya kwanza katika gazeti moja la Ufaransa mwaka 1912, bila jina lake. Ni sala nzuri, na anayeisali aendelee. Lakini kumtwika mtakatifu maneno ambayo hakuyasema si heshima kwake.

Kutoka Kilosa reli ya tawi yaelekea kusini, yapita Mikumi, hadi Kidatu. Mikumi ipo hospitali ya jimbo letu la Morogoro yenye jina la Mtakatifu Kizito, nayo yafaa mahali pale, kwa kuwa barabara kuu yapita hapo, na wagonjwa na majeruhi hawakosekani. Kizito hakuandika kitabu. Alikuwa kijana wa miaka kama 14, akauawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, baada ya kubatizwa na Karoli Lwanga siku chache tu kabla. Yasimuliwa kwamba kijana aliogopa, na kwamba Lwanga hakumpa hotuba ndefu, ila alimwahidi kumshika mkono saa itakapofika. Mauguzi wetu katika wadi za Mikumi wanalijua fundisho hilo hata kama hawajalisoma.

Twawaomba wazee wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kilosa, na za kila mahali penye mto kama Mkondoa, wasingoje masika. Wakutane sasa waamue ni jamaa gani wa mabondeni watapokewa na jamaa gani wa juu maji yakija, nani ana mkokoteni, nani atawabeba wazee na wagonjwa, na magunia ya mbegu yatawekwa ghalani kwa nani. Waandike majina hayo katika karatasi moja, wakiwaweka na jirani wasio Wakristu, kama watu wa Karthago walivyofanya. Nafasi ikibaki chini ya karatasi, hapo ndipo paandikwe neno la Sipriano.