Kimbilio la Hofu

Wako wazee wasemao kwamba kijana mwenye majonzi akimbiliapo senema ya kutisha huongeza moto juu ya moto. Hoja hiyo haitutoshi. Sisi tuliokulia Mji Mkongwe wa Unguja tuliwajua vijana ambao nyumbani mwao mlikuwa na kipigo, au msiba usiotajwa, na ambao jioni hawakuelekea kwingine ila Majestic, jumba lililofunguliwa mwaka 1955 baada ya lile la Royal kuungua.

Walikwenda kutazama nini? Aghalabu mwanamke mfu. Filamu za Kihindi za namna hiyo ni nyingi, na mfano mwema ni Madhumati ya Bimal Roy, ya mwaka 1958: binti anakufa akimkimbia bwana mwenye mali aliyetaka kumvunjia heshima, na baadaye bwana huyo anakiri mbele ya mzuka wake, polisi wakisikia. Basi na tuulize, mzuka huo unamtisha nani? Unamtisha dhalimu. Kijana aliyeonewa, aketipo gizani, hayuko upande wa wanaokimbia. Nyumbani mkosa haulizwi, kwa kuwa ni mkubwa, na adabu hufunga mdomo. Pale kwenye pazia aliyekufa hupewa ulimi. Tena hofu ya nyumbani haina saa, ilhali ile ya senema ina muda wake, na katikati yake mtu hutoka akanunua njugu.

Lakini kwa nini awe mwanamke? Ngano za pwani yetu nazo zina jini mzuri mwenye kwato za punda, asimamaye njiani usiku. Huyo twamkimbia tu; hatujapata kusikia msimulizi akiuliza alifanywa nini hata akawa hivyo. Kwa jambo hili filamu imezishinda ngano zetu, ingawa nayo humtaka mwanamke afe kwanza ndipo asikilizwe.

Hapa ndipo penye uzito. Katika miaka ya 1950 palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na mabinti wa mji walikwenda na mama zao. Kijana mwanamume alipata faraja katika kisasi cha mzuka, kwani sura ile haikuwa yake. Binti aliyeiona sura yake mwenyewe pale, hai na mfu, alirejea nyumbani na mama yake kupitia vichochoro vilevile, kwa watu walewale, naye angali hai.