Masaa 40 ya Lazima

Jumapili iliyopita baada ya ibada ya pili, kijana wetu mmoja wa chuo aliingia ofisini na fomu. Kwao huwezi kufuzu bila kozi ya huduma kwa jamii, na fomu ilitaka masaa 40 ya kuzibua mitaro na kupanda miti. Mtaro wetu alikuja Jumamosi moja, masaa 3. "Pasta, nijazie tu yote," akasema. "Si ni kujitolea?"

Sikumkemea, kwa sababu mimi pia nimewahi kushika fomu kama hiyo. Nikisomea biashara, nilitumwa kwa makao ya watoto. Nilifika mara nne. Watoto walipangwa mstari wakatuimbia, na wimbo waliujua vizuri mno. Bila shaka kundi la muhula uliotangulia liliimbiwa huohuo. Tukapiga picha. Siku ya mwisho kasichana kamoja kaliniuliza nitarudi lini, nikasema wiki ijayo. Mama mlezi alinitilia sahihi masaa ambayo sikufanya, bila kuniangalia usoni. Nikapata A. Hiyo A haijawahi kunifurahisha, na kale kasichana sijui kalingoja wiki ngapi.

Sasa, wema wa kulazimishwa ni wema kweli? Kuna ndugu wanaosema kitu kikishakuwa lazima, upendo umeshatoka, kwa hivyo vyuo viachane na kozi hizi. Mimi sikubaliani nao. Simoni Mkirene hakujitolea. Alikuwa anatoka zake shambani, askari wakamshika, wakamtwika msalaba. Hakuna aliyemuuliza kama ana moyo wa huduma! Lakini msalaba ulifika. Na Marko anawataja wanawe, Iskanda na Rufo, kama watu ambao wasomaji wake wanawafahamu. Mimi huwa nafikiri jambo fulani lilianza katika nyumba ile siku hiyo ya lazima.

Kwa hivyo shida si lazima. Shida ni kile tunachohesabu. Ukimlipa mtu kwa masaa, atakuletea masaa, hata ya kuchora. Profesa Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akina mama walipewa pesa kidogo kwa miche, lakini si kwa kuchimba shimo na kuondoka. Walilipwa kwa mche ulioshika. Hebu linganisha na sisi. Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupa likizo ya kupanda miti, kwa sababu nchi inataka miti bilioni 15 kufikia 2032. Wengi tulienda, picha ziko kwa simu. Ni nani kati yetu alirudi na mtungi wa maji?

Najua pia kijana huyu anabeba mizigo jioni kutafuta karo, na mwaka huu ndio wa mwisho. Mama yake, mshirika wetu mwaminifu, amenipigia simu mara mbili. Anasema nikikataa, mtoto hatafuzu, na kanisa litakuwa limemharibia. Hayo si maneno madogo. Usiku wa jana sikulala vizuri.

Lakini nikiandika 40, ninayemdanganya si mhadhiri peke yake. Kuna mama anayekaa chini ya ule mtaro. Mvua ya mwezi jana ilimwingilia hadi kitandani. Kwake yeye masaa 37 ya karatasi ni taka ambazo bado ziko pale.

Nimemwambia kijana nitaandika 3, na tarehe ya mwisho ya fomu iko wiki tano mbele. Nimehesabu: Jumamosi tano, masaa 6 kila moja, zinabaki masaa 7, na hayo atayapata jioni akipunguza kazi kidogo. Hasara ya jioni hizo, mimi na wazee wawili tumekubali kuigawana. Hajanijibu bado. Fomu iko kwa dawati langu, na muhuri uko kando yake. Jumamosi tunaanza saa mbili asubuhi. Majembe na glavu ziko nyuma ya jikoni, na wewe pia unaweza kuja, hata kama hakuna anayekuhesabia.