Shahidi Mkweli Asiyetosha

Zana ya kutabiri bei za nyumba huja na maelezo yake: inataka taarifa gani, inatoa jibu gani, hukosea kwa kiasi gani. Zamani maelezo hayo yalisomwa na mthamini au dalali, watu ambao wakiona namba ya ajabu hukunja uso na kwenda kuitazama nyumba yenyewe. Sasa msomaji wa kwanza huenda akawa wakala wa akili unde, programu iliyotumwa itafute nyumba, ilinganishe bei na, ikiruhusiwa, itoe ofa. Haijawahi kunusa unyevu wa ukuta. Inachojua kuhusu zana hiyo ni kile ilichoandikiwa, pengine mistari minne au mitano. Kuyapima maelezo ya namna hiyo kunaturudisha kwenye swali la kale: neno la shahidi lipokelewe kwa masharti gani?

Wanazuoni wa hadithi za Mtume Muhammad walilishughulikia swali hili kwa ukali. Mpokezi hakukubaliwa kwa uadilifu wake pekee. Ilitakiwa pia awe mdhibiti, mtu anayehifadhi alichosikia na kukifikisha bila kukivuruga. Mcha Mungu msahaulifu aliheshimiwa, lakini riwaya yake ilitiwa dosari. Nadhani waandishi wengi wa maelezo ya zana hizi ni waadilifu. Wanachopungukiwa ni sharti la pili, katika sura yake ya leo: wanasema kweli isiyohusu tendo ambalo msikilizaji anakwenda kulitenda.

Kisa cha Zillow ya Marekani kinalionyesha jambo hili vizuri. Kampuni hiyo ilianza kuchapisha makadirio ya bei za nyumba mwaka 2006, na haikuficha makosa yake. Kwa nyumba zisizokuwa sokoni imekuwa ikitaja kosa la kati la takriban asilimia 7, na kwa zilizo sokoni takriban asilimia 2. Asilimia 7 ya nyumba ya dola 400,000 ni dola 28,000, na kusema kosa "la kati" ni kusema kwamba nusu ya nyumba zimekosewa zaidi ya hapo. Ile asilimia 2 nayo ina siri yake: nyumba ikishatangazwa, bei aliyoitaja muuzaji huingia kwenye hesabu, kwa hiyo mtabiri amekwisha kunong'onezwa. Makadirio yaliambatana na tahadhari kwamba huu si uthamini rasmi. Kisha, Februari 2021, kampuni ikaanza kuyafanya makadirio hayohayo kuwa ofa ya awali ya fedha taslimu kwa baadhi ya nyumba. Novemba mwaka huohuo ikatangaza kuifunga biashara yake ya kununua nyumba, ikaipunguza thamani ya nyumba ilizokuwa nazo kwa zaidi ya dola milioni 300, na takriban robo ya wafanyakazi ikaachishwa kazi. Mkuu wake wa wakati huo, Rich Barton, alikiri kwamba bei zilikuwa hazitabiriki kuliko walivyodhani.

Sababu hazikuwa moja, na soko la mwaka ule lilikuwa na vituko vyake. Lakini kuna kosa la kimantiki ambalo lingekuwepo hata soko likitulia. Kosa linalopimwa kwa nyumba zote ni kosa la mtazamaji. Mnunuzi hakutani na nyumba zote. Mwenye nyumba iliyokadiriwa chini ataikataa ofa. Mwenye nyumba iliyokadiriwa juu, anayejua kwamba paa linavuja, atasaini kabla wino haujakauka. Makosa ya juu na ya chini hayafutani tena, kwa kuwa yanayomfikia mnunuzi yameelemea upande mmoja. Ile asilimia 7, iliyo kweli kabisa kwa anayetazama, inampotosha anayenunua.

Atasema mtu: programu haiamini wala haishuku, sasa habari za ushahidi zinatoka wapi? Hapo ndipo hoja inapopata nguvu. Mwaka 1877 mwanafalsafa Mwingereza W. K. Clifford aliandika juu ya mwenye meli aliyezizima shaka zake, akairuhusu meli chakavu isafiri, ikazama na watu, naye akapokea bima. Clifford alimhukumu kuwa na hatia hata kama meli ingefika salama, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichoamini. Ikiwa wakala hana imani ya kuhukumiwa, dhima haipotei hewani: inawarudia aliyeandika maelezo na aliyemtuma wakala.

Wengine watasema maneno hayana haja, zana ijaribiwe kwa mauzo yaliyopita. Ijaribiwe, naam, lakini mauzo hayo ni yale yale ya mtazamaji, na soko la jana halikuahidi kufanana na la kesho. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hata binadamu huruka tahadhari. Ni kweli. Ila binadamu anayeiruka bado anaogopa kupoteza fedha zake, na hofu hiyo humzuia mkono. Wakala hana hofu isipokuwa ile aliyoandikiwa, tena kwa lugha ya amri: namba hii isitumike kutoa ofa bila mtu kuikagua nyumba.

Maelezo yanayotaja kosa la nyumba zote bila kutaja kosa la nyumba zitakazonunuliwa yanamfaa msomaji mdadisi. Kwa wakala mwenye ruhusa ya kutoa ofa, hayafai.