Kimya cha Mwenye Msimamo

Je, yawezekana pande mbili zikose kuelewana hata zikadhuriana, ilhali hakuna uliosema uongo, hakuna uliovunja kanuni, na kila mmoja umetimiza wajibu wake kama ulivyoagizwa? Na kama yawezekana, lawama aibebe nani? Swali hili nimelipima kwa miaka mingi katika mashauri ya walimu na wanachuo, ya waume na wake zao, na ya majirani wanaogombea mpaka. Lakini katika mashauri ya wanadamu jibu halipatikani kwa urahisi, kwani aghalabu huwapo chembe ya hila mahali fulani, na kila mtu huishika chembe hiyo akadhani ndiyo asili ya jambo zima. Kwa hiyo nimeona nilijadili kwa mfano wa waya wa kompyuta. Waya hauna hasira, hauna wivu, wala haukumbuki maneno ya mwaka juzi.

Msomaji asiogope. Mambo yenyewe ni mepesi kuliko majina yake.

Mwaka 1973, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox kule Palo Alto, California, Robert Metcalfe na mwenzake David Boggs walianza kazi ya kuziunganisha kompyuta nyingi kwa waya mmoja. Mtandao huo ndio unaoitwa Etheneti. Kanuni yake ilikuwa ya kiungwana: kabla ya kusema, sikiliza, ukikuta mwingine anasema, ngoja, mkianza kusema kwa pamoja, nyamazeni wote, kila mmoja angoje kitambo cha kubahatisha, kisha ajaribu tena. Yalikuwa mazungumzo ya kupokezana, kama yale ya redio za mkononi za polisi. Baadaye kila kompyuta ilipopata waya wake hadi kwenye swichi, ilionekana kwamba hakuna tena haja ya kupokezana, maana ndani ya waya huo mna nyuzi za kusemea na nyuzi nyingine za kusikilizia. Basi pande mbili zikaweza kusema na kusikia kwa wakati mmoja, kama watu wawili kwenye simu. Namna ile ya kwanza mafundi huiita nusu dupleksi, na hii ya pili dupleksi kamili.

Mwaka 1995 ilipotolewa kanuni ya mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde, iliwekwa pia njia ya vifaa viwili kuulizana mara vinapounganishwa: waweza mwendo gani? Waweza kusema huku unasikia? Vikishajibizana, huchagua lile lililo bora ambalo vyote viwili vinaliweza. Kwa lugha yetu ningesema hiyo ni hodi na karibu.

Sasa tuseme fundi amekifunga kifaa kimoja kwa amri: wewe ni megabiti 100, dupleksi kamili, usiulizane na mtu. Kifaa hicho hakibishi hodi wala hakiitikii. Mwenzake aliye upande wa pili anapiga hodi, kimya. Hata hivyo anasikia mlio wa ishara, na kwa mlio huo anaujua mwendo, kama vile mtu aliye nje ya mlango awezavyo kujua kama walio ndani wanasema kwa haraka au polepole. Asichoweza kukijua ni kama aliye ndani husikia huku akisema. Hapo kanuni inamwagiza ashike njia ya tahadhari, yaani nusu dupleksi. Haruhusiwi kujikweza kwa jambo asilolijua. Naona kanuni hiyo ni ya busara, na kama ningekuwa ningali nafundisha ningeiandika ubaoni.

Lakini tazama matokeo yake. Upande mmoja unaamini kwamba wote wawili wanaruhusiwa kusema wakati wowote, nao unasema wakati wowote. Upande wa pili unaamini kwamba ni zamu kwa zamu. Kila unaposikia sauti ya mwenzake huku wenyewe ukisema, unahesabu kwamba pametokea mgongano, unajikatiza katikati ya neno, unangoja. Yule wa kwanza hajui kabisa kwamba kuna aliyekatizwa. Yeye amepokea kipande cha neno kisicho na mwisho, anakitupa na kukiandika kuwa kimeharibika njiani. Ukifungua kumbukumbu za upande wa kwanza utakuta makosa mengi ya pakiti zisizotimia. Ukifungua za upande wa pili utakuta migongano iliyochelewa, ile inayotokea baada ya muda ambao mgongano ungepaswa kuwa umekwisha kujulikana. Ukisoma daftari moja utasema waya ni mbovu. Ukisoma la pili utasema mwenzake hana adabu. Na yote mawili yameandika kweli tupu.

Jambo hili nililikuta miaka michache iliyopita katika chuo kimoja cha ualimu, ambacho sitakitaja, nilikokuwa nimealikwa kwenye bodi baada ya kustaafu. Chuo kilikuwa na fayawoli ya zamani, yaani kile kifaa kinachokaa mlangoni mwa mtandao kukagua kinachoingia na kutoka. Ikaondolewa, ikafungwa mpya yenye uwezo zaidi. Tangu siku hiyo mtandao ukawa kama mgonjwa wa homa za vipindi. Taa zilikuwa kijani. Barua fupi zilikwenda. Lakini wiki ile ile alama za mazoezi ya kufundisha za wanachuo wote zilikuwa zitumwe kabla ya siku ya mwisho, na majalada yale makubwa yalitambaa, yakakwama, yakaanza upya. Kijana fundi aliyeifunga fayawoli ile alifanya majaribio yake. Alituma ule wito mdogo wa mafundi uitwao pingi, ambao ni kama kuuliza "upo?" na kujibiwa "nipo", na kila mara alijibiwa. Akasema mtandao ni mzima. Karani wa taaluma, mama mmoja ambaye hakulala siku mbili, akamwambia, "Mwanangu, uzima gani huu usiobeba mzigo?"

Maneno ya mama yule yalikuwa na elimu kuliko alivyojua. Katika kutopatana kwa dupleksi, maneno mafupi yanayokwenda moja moja hupita bila shida, maana ni nadra pande mbili kusema kwa pamoja. Ni mzigo unapozidi ndipo migongano inapozuka. Nimeona ndoa za namna hiyo, na nimeona vyuo vya namna hiyo: mkaguzi anafika, anauliza hamjambo, anajibiwa hatujambo, anaandika ripoti nzuri na kwenda zake.

Na hapa ndipo nilipoona jambo linalonisumbua zaidi. Kama pande mbili zingefungwa kwa mwendo tofauti, mmoja 10 na mwingine 100, kwa kawaida taa isingewaka kabisa na kosa lingejulikana asubuhi ile ile. Wamekosana kwenye mwendo; hawasemezani; kila mtu anaona. Lakini hawa walikubaliana mwendo wakakosana namna ya kuzungumza, na taa ikawaka. Mimi nimefikia kuamini kwamba ugomvi wa wazi una huruma ndani yake ambayo maelewano nusu hayana. Najua wapo watakaonipinga, hasa wazee wenzangu waliozoea kusema bora amani. Lakini alama zile zingefika mapema kama mtandao ungekatika siku ya kwanza, kwani zingechukuliwa kwenye diski na kupelekwa kwa basi.

Fundi yule alikuja kugundua siku ya nne, alipopata ruhusa ya kufungua swichi, ambayo haikuwa chini yake. Tundu lililoelekea kwenye fayawoli lilikuwa limefungwa kwa amri: 100, kamili. Fayawoli ya zamani nayo ilikuwa imefungwa vivyo hivyo, kwa hiyo mabubu wawili waliishi pamoja kwa amani miaka yote hiyo, kwa sababu mtu mmoja aliwapanga wote. Mtu huyo alikuwa amehamia kazi nyingine, na hakuacha hata karatasi moja. Ile mpya ilipokuja na adabu zake za kupiga hodi, haikuitikiwa. Kijana akalirudisha tundu la swichi kwenye kuulizana, na ndani ya dakika moja mzigo ukapita.

Bodi ilipokaa, kauli ya kwanza ilikuwa kwamba fayawoli mpya ndiyo iliyoleta balaa, na aliyeifunga asilipwe sehemu ya mwisho ya fedha zake. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: kabla ya mgeni hapakuwa na tatizo, baada ya mgeni pana tatizo. Nilisimama kuipinga. Mgeni hakuleta kimya kile, alikikuta. Alichofanya ni kupiga hodi, na hodi ikafichua kwamba ndani hamna aliyezoea kuitika.

Mjumbe mmoja akauliza, basi tumlaumu yule wa zamani? Hapo nilipaswa kuwa mwadilifu kwa mtu asiyekuwapo. Miaka ile ya kwanza vifaa vingi vilikuwa havijui kuulizana vizuri. Vya kampuni hii havikuelewana na vya kampuni ile, na mafundi wenye uzoefu walishauriana wafunge pande zote mbili kwa amri. Ulikuwa ushauri mzuri. Kisha vifaa vikaboreshwa, na kwa mtandao wa megabiti 1000 kupitia waya wa shaba, kanuni ya mwaka 1999 ikafanya kuulizana kuwa lazima. Sababu ya ushauri ule ikafa, ushauri wenyewe ukaendelea kuishi tunduni. Kufunga kwa amri si kosa, madamu pande zote mbili zimefungwa sawasawa na imeandikwa mahali panapoonekana. Ninachomlaumu nacho mtu yule ni karatasi ile asiyoiandika. Nilipokuwa mkuu wa chuo nilikuwa mkali sana juu ya hati za makabidhiano, hata walimu wakanicheka. Mwalimu aliyehamishwa hakupata gari la kubebea vyombo vyake mpaka aandike hata ufunguo gani unabisha mlango gani.

Kijana alilipwa. Lakini mwenyekiti alitaka kumbukumbu za kikao ziseme chanzo cha hitilafu, na nikapendekeza iandikwe: tofauti ya mipangilio kati ya swichi na fayawoli, isiyokuwa imetolewa taarifa. Mjumbe mwingine, mhasibu, akapinga. Alisema sentensi hiyo haimtaji mtu, na isiyemtaja mtu haimlipi mtu. Nani basi atamlipa mama yule kwa siku mbili za kukesha? Nilitafuta jibu katika yote niliyoyasema nikakosa. Tukapiga kura, sentensi yangu ikapita, na posho ya karani ikaahirishwa hadi kikao kijacho.